Kajiko si Kijiko

Mjini Bunia, ukimwambia jirani kwamba unaandika makala, jitayarishe kuchekwa. Kwetu makala huuzwa kando ya barabara, kwa gunia au kwa kopo, na mikono ya anayeyauza ni myeusi. Juzi mama mmoja anayeyauza karibu na nyumba tunayopanga aliniambia, "Ukimaliza kuyaandika uniletee, nichemshie maharage." Sikumpinga. Makala haya yanahusu makala yake, na hasa chombo anachoyatia: jiko la kopo, jepesi, ambalo mtu hujitengenezea mwenyewe na kuondoka nalo siku akilazimika kuondoka.

Hoja yangu ni hii. Watu wa Ituri wamejifunza kutengeneza meko ya kubebwa, na wameyapa majina kwa sarufi yao wenyewe. Sisi wa lugha tumeyaacha majina hayo nje ya mlango kwa kuyaita Kiswahili kibovu. Kosa hilo si la kitaaluma tu, kwa kuwa lina hatari kwa uhai wa watu, na nitaeleza kwa nini.

Nianze na mafiga. Katika lugha nyingi za Kibantu, mahali pa moto ni kitu kisichohama. Wanaisimu wa Kibantu wameunda upya mzizi wa kale *-piga, wenye maana ya jiwe la kutegemeza chungu. Sauti p iliyofuatwa na i ya juu kabisa ikawa f katika Kiswahili, ndipo tukapata figa na mafiga. Waganda wanasema essiga na amasiga, Wanyarwanda wanasema amashyiga. Mawe ni yaleyale matatu, na masikio ya mwanafunzi wa mwaka wa pili yanatosha kuutambua udugu wa maneno hayo. Kwa Waganda, ssiga ni pia jina la tawi kubwa la ukoo. Jiwe la jikoni likawa jina la watu waliotoka kwa babu mmoja.

Kiswahili nacho kimeweka uzito katika neno jiko. Mwanamume aliyeoa husemwa kwamba amepata jiko. Methali inatuonya kwamba figa moja haliinjiki chungu. Na tazama vitenzi: tunakoka moto, tunateleka au tunainjika chungu, tunachochea, kisha tunaipua. Ni utaratibu wa mtu aliyetulia nyumbani kwake, mwenye mawe yaliyokwisha kuwa meusi kwa moshi wa miaka mingi. Lugha yetu imelizoea jiko linalomngoja mwenyewe arudi kutoka shambani.

Sasa mlete mtu huyo Ituri. Vita vya mwaka 1999 hadi 2003 viliwakimbiza watu kutoka Djugu, kutoka Irumu, na hatimaye ndani ya Bunia yenyewe. Mwezi Mei 2003, maelfu walijibanza karibu na uwanja wa ndege na kituo cha walinda amani wa Umoja wa Mataifa. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2017 Djugu iliwaka tena. Mwaka 2018 tuliwaona wakimbizi wa ndani wakijaa karibu na Hospitali Kuu ya mji huu, na mwaka 2019 ikafunguliwa kambi ya Kigonze. Wengi wetu tunaosoma hapa tuna mjomba, shangazi au binamu aliyepitia bashi hizo, na wengine tumepitia wenyewe.

Anayekimbia hubeba mtoto, hubeba godoro akiweza, hubeba sufuria. Habebi figa. Afikapo, mawe atayaokota, lakini kuni hazipo. Kuni hununuliwa, au hutafutwa mbali, mahali ambapo mwanamke huenda akiwa na hofu. Na moto wa mafiga matatu hula kuni kwa pupa, maana upepo hupita pande zote na joto jingi hupotea pembeni mwa sufuria. Hapo ndipo kopo linapookotwa: la maziwa ya unga, la nyanya ya hoteli, au lile la lita 4 la mafuta ya msaada, lenye maandishi kwamba hayauzwi.

Nimekaa na watengenezaji kwa muda, mafundi wa tole sokoni na akina mama kambini, na kazi yao nimeiona hivi. Kopo kubwa hutobolewa mlango chini, upana wa vidole vinne hivi. Kopo jembamba zaidi, au kipande cha tole kilichokunjwa, huingizwa katikati kama bomba la kupandisha moto. Bomba hilo huunganishwa na mlango, kisha nafasi inayobaki kati ya kuta mbili hujazwa jivu. Kuni ndogondogo huingia kwa mlango zikiwa zimelazwa juu ya kibati, ili hewa ipite chini yake. Juu huwekwa vyuma vitatu vya kuinua sufuria kidogo, kiasi cha unene wa kidole, moto upate njia ya kutoka huku ukiilamba sufuria. Likiwa la makala, bomba halihitajiki: panawekwa sakafu yenye matundu katikati ya kopo, makala juu, jivu likianguka chini, na mlango wa chini ndio unaoongoza hewa.

Jivu ndilo lililonifurahisha kuliko yote. Jivu ni jepesi na limejaa hewa, kwa hiyo huzuia joto lisipotee ukutani. Lakini siku ya kuhama halibebwi. Humwagwa pale pale, kopo tupu linatiwa ndani ya sufuria, na safari inaanza. Kote utakakokwenda, palipo na moto pana jivu. Chombo chenyewe hakifiki kilo moja.

Mmarekani Larry Winiarski alianza kuzieleza kanuni za majiko ya aina hii, yenye bomba fupi lililozungushiwa kitu chepesi cha kuzuia joto, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Miaka hiyohiyo mafundi wa Nairobi walieneza jiko la bati lenye ganda la udongo ndani, ambalo wazo lake la awali lilitoka kwa majiko ya ndoo ya Thailand. Nawataja ili kuonyesha kwamba tunazungumzia maarifa, yenye sababu na matokeo, na maarifa huhitaji msamiati.

Wala ufundi wa chuma si jambo geni kwetu. Waokebo wa upande wa Mahagi walijulikana kwa uhunzi miongoni mwa Waalur na majirani zao muda mrefu kabla ya tole kufika. Jembe na mkuki vilikuwa na wenyewe, na vilikuwa na majina.

Basi jiko hili jepesi linaitwaje? Jaribu kwa Kiswahili sanifu. Jiko dogo ungeliita nani? Kanuni ya udogo tuliyofundishwa ni kiambishi ki-: mlima, kilima, mji, kijiji. Tia ki- kwenye jiko na utapata kijiko. Mpe mama wa Kigonze kijiko umwambie atelekee ugali, uone atakavyokutazama. Sanifu imefungwa hapo, inabaki kusema "jiko dogo" au "jiko la kubebwa", maelezo badala ya jina.

Bunia haikufungwa. Kiswahili chetu, kama Kiswahili cha sehemu nyingi za mashariki mwa Kongo, kimetunza ngeli ya ka- na tu-, ambayo Kiunguja hakina. Mtoto mdogo kwetu ni katoto, wengi wao tutoto. Kwa hiyo jiko la kopo ni kajiko, na yakiwa mengi ni tujiko. Lile la makala ni kambabula, kutoka mbabula. "Kajiko kangu kametoboka" ni sentensi kamili, yenye upatanisho wake, inayosema kwa maneno matatu kile ambacho sanifu ingekisema kwa sita. Hapa si mtu aliyekosea ngeli. Ni sarufi iliyokuwa na chombo tayari, na chombo kikatumika siku kilipohitajika.

Sehemu zake nazo zina majina. Mlango wa kuni niliusikia ukiitwa mdomo. Nafasi ya jivu ni tumbo. Vishikio ni masikio. Vyuma vitatu vya juu, mama mmoja aliviita mafiga, bila kusita. Nilipomuuliza kwa nini, wakati si mawe, alinishangaa: vitatu, vinashika sufuria, ungetaka viitwe nini? Mawe yameachwa kijijini, neno limekuja naye. Huo ni mfano wa kuhama kwa maana ulio safi kuliko mingi tunayoinakili kutoka vitabu vya nje, na aliyenipa ni mtu aliyekuwa akikwangua ukoko.

Na neno makala? Mwalimu mmoja aliwahi kunisahihisha, akaandika kwa wino mwekundu: "makaa". Nilinyamaza siku ile, leo nijibu kwa adabu. Kiswahili cha pwani kilipoteza l katikati ya irabu katika maneno mengi ya kale. Njaa yetu ya sanifu ni nzala kwa Lingala na inzara kwa Kinyarwanda. Makaa ni amakara kwa Kinyarwanda, makara kwa Kikikuyu, makala kwa Kichewa. Iwe Bunia ililipokea neno kutoka Lingala au kutoka ndugu mwingine wa Kibantu, umbo la makala ndilo lililo karibu zaidi na la zamani. Linaweza kuwa si sanifu. Kibovu si.

Sasa nifike kwenye hatari niliyoitaja. Mwaka jana tulikuwa wanafunzi wanne Kasenyi, kando ya Ziwa Albert, tukikusanya maneno. Tulikuwa na kambabula kamoja na gunia dogo la makala. Usiku mvua ikanyesha kwa nguvu, tukakaingiza ndani, tukafunga mlango na dirisha. Makala hayatoi moshi yakishashika, basi tukaona hakuna neno. Baada ya muda kichwa kilianza kunigonga, mwenzangu akatapika. Tulidhani ni malaria. Wa tatu aliposimama aende nje alianguka. Mwenye nyumba alisikia kishindo, akaja, akafungua mlango, akalitoa jiko mvuani huku akitutukana. Alijua tulichokuwa tunafanya kabla hatujakijua.

Kilichotaka kutuua ni kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, inayotoka pale makala yanapoungua bila hewa ya kutosha. Huchukua nafasi ya oksijeni katika damu, na mtu aliyelala haamki kujitetea. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba hewa chafu ya ndani ya nyumba, inayotokana hasa na kupikia, ilihusika na vifo milioni 3.2 mwaka 2020. Vingi vyake hutokana na moshi wa miaka na si wa usiku mmoja. Lakini usiku mmoja unatosha.

Miezi michache baadaye niliona karatasi ya maonyo imebandikwa kambini. Shirika lililoitoa silitaji, nia yake ilikuwa njema. Ilisema kwa Kiswahili fasaha: usitumie seredani katika makazi yasiyo na upenyo wa hewa. Sina kosa la sarufi la kuonyesha. Seredani imo katika kamusi. Lakini mama niliyekuwa naye alisoma, maana anajua kusoma vizuri, akaniuliza, "Seredani ni nani?" Alidhani ni mtu. Hatua tano kutoka karatasi ile, kambabula kalikuwa kanawaka chini ya bashi.

Onyo hilo lingeandikwa hivi: Mbabula ya makala isilale ndani ya bashi. Maneno machache, na hakuna atakayeuliza ni nani. Aliyeandika seredani hakukosa moyo. Alifungua kamusi, naye hakulikuta neno la Bunia humo, kwa sababu hakuna mtu wa Bunia aliyelipeleka. Na hao watu wa Bunia wa kulipeleka, tusijidanganye, ni sisi.

Najua nitakavyojibiwa, maana nimekwisha kujibiwa kwenye korido. Kwanza nitaambiwa kwamba Kiswahili ni kimoja. Nchi yetu imejiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, mwaka huohuo Umoja wa Afrika ukakikubali Kiswahili kuwa lugha ya kazi, na huu si wakati wa kila mji kuleta maneno yake. Hoja hii naiheshimu. Mimi mwenyewe naandika kwa sanifu, na nataka mtu wa Tanga anisome bila kukwama. Lakini tukumbuke sanifu ilitoka wapi. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja, lugha ya mji mmoja, kuwa msingi, na Kamati ya mwaka 1930 ikaanza kazi. Sanifu ni maneno ya mji yaliyopata watu wa kuyaandika. Hata jua kali, ambalo leo kila Mkenya analijua na serikali yao inalitumia kwenye hati, lilianza kama jina la mafundi wa Nairobi waliofua bati bila kivuli. Neno lilitoka kwenye nyundo likaenda ofisini. Umoja hauvunjwi na kuongeza neno kwenye kamusi pamoja na alama ya mahali linapotumika. Unavunjwa pale msomaji anapoamini kwamba lugha yake haimo katika lugha yake.

Pili nitaambiwa kwamba wakimbizi wanahitaji chakula, amani na kurudi makwao, si orodha ya maneno. Ni kweli, na sitaki nieleweke kama anayesifia umaskini. Kopo jembamba huungua na kutoboka. Tole lenye zinki likiwaka hadi kuwa jekundu hutoa mvuke unaodhuru kifua, na rangi ya kopo jipya hunuka sumu, ndiyo maana mafundi wazuri huliunguza kwanza nje, mbali na watu. Kajiko ni jawabu la shida, na afadhali shida isiwepo. Lakini madaktari wanafanya ya udaktari, na wapatanishi ya kwao. Kazi ya kitivo cha lugha ni ipi? Tukisema maneno si muhimu wakati wa taabu, basi tufunge madarasa, maana Ituri haijatupa wakati mwingine.

Napendekeza mambo matatu, yasiyohitaji bajeti. La kwanza, kitivo kikubali kazi za kumaliza masomo zinazokusanya msamiati wa mafundi na wapishi wa Bunia, kila neno pamoja na kitu chenyewe kikichorwa na kuelezwa kinavyofanya kazi. Tuna kazi za kutosha juu ya ngeli za sanifu zinazonakiliana. La pili, maneno yachukuliwe pia kwa Kilendu, Kihema, Kibira, Kialur na Kilugbara, kwa sababu kambi zimewachanganya wasemaji, na mama mmoja kajiko hukaita kwa lugha mbili kabla ufuta haujachemka. Kinachohama kutoka lugha hadi lugha katika foleni ya maji hakitangoja semina. La tatu, tuwaendee wanaoandika maonyo na mafunzo, tujitolee kuyasoma kabla hayajabandikwa. Nusu saa ya mwanafunzi wa mwaka wa tatu ingelitoa neno seredani kwenye karatasi ile.

Kuhusu katiba, ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Chiluba. Haikusema Kiswahili cha nani. Nafasi hiyo iko wazi na itajazwa na watakaoandika.

Daftari langu lina maneno 61 hadi leo. Mengine yatathibitika kuwa ya mtu mmoja tu, mengine nimeyasikia vibaya, na ndiyo maana nahitaji wenzangu wayahakiki. Mafundi wa tole hufungua Jumamosi mapema, kabla ya saa mbili, jua likiwa bado pole. Hawapendi mtu anayesimama tu akiuliza maswali, kwa hiyo atakayekuja aje na daftari, na aje na kopo.